Bakuli Chini ya Blanketi

Kyoto, 8 Septemba 2003

Shangazi,

Kabla ya salamu naomba niliweke swali mbele, kwa sababu nikianza na salamu nitaendelea kusalimu mpaka karatasi iishe, kama tulivyozoea mimi na wewe. Swali ni hili: yule mama aliyenipangisha chumba mjini Seoul, Mama Byong-ho, alijua au hakujua kwamba baba mdogo Chol-u alikuwa hai? Nimelibeba kwa karibu miaka thelathini. Nimefundisha historia chuoni, nimewaonyesha vijana namna ya kupima ushahidi, na bado swali hili dogo la nyumba moja ya kupanga limenishinda.

Sasa salamu. Natumaini goti lako limepata nafuu tangu joto lilipopungua. Sisi tu wazima. Mume wangu anakuamkia, na anasema figili ulizotutumia ziliisha kabla hajajua kama anazipenda.

Umeniandikia kwamba unataka, kabla hujafumba macho, tumuwekee Chol-u siku ya tambiko, na umependekeza tarehe tisa ya mwezi wa tisa kwa kalenda ya mwezi, siku wanayopikiwa wale ambao hakuna ajuaye walikufa lini. Mwaka huu inaangukia tarehe nne Oktoba. Siwezi kukujibu ndiyo wala hapana kabla sijakueleza yaliyotokea siku kama hiyo mwaka 1974, nilipokuwa mwanafunzi wa kubadilishana kule. Barua zetu za wakati ule hazikuweza kuyabeba. Nimezitoa sandukuni, zako pamoja na zangu ulizonirudishia. Nazinakili hapa, na pale ziliponyamaza nitasema.

*

Seoul, 17 Machi 1974

Shangazi mpendwa,

Nakuamkia wewe na Bibi. Nimefika salama. Chuo ni kikubwa na mlima uko mgongoni mwake. Sisi tuliokuja kwa mwaka mmoja wa kubadilishana tumepokewa vizuri, ingawa wahadhiri wanaongea haraka na mimi huandika nusu ya wanayosema.

Nimepanga kwa mama mmoja anayeitwa Mama Byong-ho. Mwanawe yuko jeshini. Sakafu ya chumba ina joto upande mmoja tu, ule ulio karibu na jiko la makaa, na upande huo tunaugombania mimi na mwenzangu, Dada Su-nok, aliyetoka Kobe kwa mpango huuhuu. Yeye huongea mpaka ukuta unachoka. Jana sokoni niliomba vitunguu, muuzaji akamwita mwenzake: “Njoo usikie! Binti wa mjini, ulimi wa kikongwe wa kisiwani!” Ni matamshi ya Bibi hayo, ya kisiwani kwao. Dada Su-nok akamjibu, “Basi mpunguzie bei. Mtu mzima huheshimiwa.” Tukapata vitunguu vya nyongeza.

Mama Byong-ho aliniuliza habari za ukoo. Nilimwambia kwamba baba alifariki nikiwa mdogo, na kwamba baba mdogo Chol-u naye alifariki, kwa kifua. Alisikitika sana.

Mwambie Bibi nakula vizuri.

Mwanao,
Miryong

*

Unakumbuka, Shangazi, jinsi tulivyoufanyia mazoezi uongo ule. Ulinisimamisha kati ya marundo ya soli, ukaniuliza, “Chol-u yuko wapi?” Nikajibu, “Amekufa.” “Amekufa kwa nini?” “Kifua.” “Usitazame chini unaposema. Tena.”

Kweli ni kwamba mdogo wako alipanda meli ya kwenda Korea Kaskazini mwaka 1960, akiamini kwamba huko kuna masomo na kazi na hakuna mtu wa kumtukana kwa jina lake la Kikorea, kama hapa Japani. Tangu hapo barua moja ilikuja kila mwaka, ikiomba soksi nene na dawa. Na kwa watawala wa Seoul wa wakati ule, binti aliyetoka Japani, mwenye baba mdogo Kaskazini, alikuwa nusu jasusi kabla hajafungua mdomo. Mabango ya kuwahimiza watu watoe taarifa yalibandikwa penye kila kituo cha basi. Ilitosha jirani mmoja kukutilia shaka.

Bibi alitusikia siku ile ya mazoezi. Alikuwa akifunga bakuli lake la wali katika blanketi, kama alivyofanya kila jioni tangu meli ile, ili mwanawe akirudi asikute chakula kimepoa. Alilifunga kwa nguvu zaidi.

*

Osaka, 11 Aprili 1974

Mwanangu Miryong,

Sisi wazima. Kazi ya kandambili za kiangazi imepamba moto, nyumba nzima inanuka gundi, Bibi analalamika kwamba hata mchuzi una ladha ya soli. Paka wa jirani amezaa kwenye boksi la visigino na sasa hakuna wa kumtoa.

Barua yako nimeipata. Nimefurahi kuona gundi ya huko ni nzuri. Bahasha ilikuwa imebandikwa mara mbili, safu juu ya safu, na safu ya juu ni ya mtu mwenye haraka. Mimi niliyezeeka na gundi mikononi, kitu kama hicho kinanivutia. Kwa hiyo andika kwa hati safi, mwanangu, uandike habari za masomo. Bibi anapenda sana habari za masomo.

Yeye anaendelea na mambo yake ya jioni kama kawaida.

Usitembee na soksi zilizolowa.

Shangazi yako,
Sundok

*

Bibi hakuwahi kupenda habari za masomo hata siku moja. Aliamini vitabu vinaharibu macho ya wasichana. Nilielewa: barua zetu zinafunguliwa njiani, zinasomwa, zinabandikwa upya. Tangu siku ile nilijifunza kuandika kwa ajili ya msomaji wa tatu.

*

Seoul, 20 Juni 1974

Shangazi mpendwa,

Nawaamkia nyote pamoja na paka. Masomo yanaendelea vizuri. Tumemaliza mashairi ya kale na tumeanza sarufi. Mhadhiri wetu wa sarufi ameacha kuja na wametuletea mwingine. Hatukuambiwa sababu, nasi hatukuuliza. Huyu mpya ana hati nzuri.

Nimeanza kutembea upande wa barabara wenye jua. Ni kwa ajili ya afya. Dada Su-nok ananicheka: “Mdogo wangu, wewe hata ukipiga chafya unauomba mlango radhi.” Yeye hucheka popote, tena kwa sauti, hata ndani ya basi.

Likizo sitakuja. Nauli ni kubwa, na wanasema anayetoka na kuingia huulizwa mengi.

Mwanao,
Miryong

*

Osaka, 22 Septemba 1974

Mwanangu,

Nimechelewa kukujibu, kazi ilinizidi. Bibi hajambo, anakohoa kidogo asubuhi. Paka wametawanyika.

Msimu umeisha vibaya kidogo. Yule mteja wetu wa zamani, wa soli nene, mzigo wake umerudishwa. Nimeuweka juu ya kabati. Ni mambo ya biashara, usiyawaze. Wewe soma. Ukiulizwa jambo, jibu fupi, na usitazame chini.

Shangazi

*

Seoul, 13 Oktoba 1974

Shangazi,

Nakuamkia. Baridi imeanza. Juzi nilisaidia jikoni, nikafunga mabakuli mawili. Mwambie Bibi mikono yangu inafanana na yake. Masomo yanaendelea vizuri.

Miryong

*

Ni barua fupi kuliko zote nilizokuandikia, na ndiyo iliyobeba mengi kuliko zote.

Jioni ile Dada Su-nok alikuwa hajarudi kutoka maktaba. Mama Byong-ho alikuwa akipakua, akaniambia bila kugeuka, “Mfungie mwenzako wali wake, uuweke penye joto, asije akatuhutubia kama mbunge.” Nikajaza bakuli, nikalifunga, nikalisukuma chini ya blanketi kwenye pembe ya sakafu yenye moto. Kisha mikono yangu ikaendelea yenyewe. Miaka yote niliyomsaidia Bibi, kufunga wali kulikuwa ni kufunga wa Chol-u. Nilipozinduka nilikuwa nimeshika bakuli la pili.

“Mawili?” akauliza Mama Byong-ho. “Nani mwingine hajarudi?”

“Baba mdogo,” nikasema.

Nilisikia maneno yangu kana kwamba yametoka chumba cha pili. Yeye alikuwa ameshika upawa, mvuke ukimpita usoni.

“Yule wa kifua?”

“Ndiyo, mama.”

“Hm. Wali wa marehemu haupashwi moto, binti. Wali wa blanketi ni wa mtu anayetembea.”

Akaja, akalichukua bakuli mikononi mwangu, akalifungua, akaula wali ule palepale, amesimama, mpaka punje ya mwisho. Kisha akaniambia nimenye vitunguu saumu.

Asubuhi yake alijaza sahani matunda ya vuli, akavaa koti lake la kutokea, akaenda kwa mjumbe wa nyumba kumi. Nilimwona kupitia dirishani. Sikuenda darasani. Nilikunja nguo za ndani na mswaki katika mfuko, nikaketi sakafuni na viatu miguuni, jambo ambalo halifanywi katika nyumba yoyote ya huko, nikisikiliza kila gari lililopunguza mwendo. Nilijaribu kukumbuka jibu fupi la kila swali. Sikukumbuka hata moja.

Alirudi na sahani tupu.

“Mbona hujaenda chuo? Na hivyo viatu vimekosa nini mpaka uviingize ndani? Sikiliza. Tarehe tisa ya mwezi wa tisa inakaribia. Mimi humpikia Baba Byong-ho siku hiyo, maana alitoka wakati wa vita kwenda kutafuta mchele na mpaka leo sijui alifia wapi. Mwaka huu tutampikia na baba yako mdogo.”

“Lakini mama, nyumbani hatujawahi kumtambikia.”

“Ndiyo maana anazurura mpaka kwenye blanketi langu! Mfu asiyelishwa hana adabu. Mke wa mjumbe nimemkaribisha, anapenda samaki wangu. Vua viatu.”

*

Seoul, 25 Oktoba 1974

Shangazi,

Nakuamkia wewe na Bibi. Juzi Mama Byong-ho alimfanyia baba mdogo tambiko. Chakula kilikuwa kizuri. Mke wa mjumbe wa nyumba kumi alikuwapo. Tafadhali usimsomee Bibi barua hii.

Miryong

*

Nilipokuwa mdogo ulinichapa mkono mezani kwa sababu nilisimamisha kijiko katikati ya wali wa Bibi. “Unataka kumuua?” uliniambia. Sijawahi kuusahau ule mkono kuwasha. Kijiko husimama katika wali wa wafu tu.

Meza ilikuwa na samaki, supu, matunda, na mabakuli mawili ya wali: la Baba Byong-ho, na la Chol-u. Mlango uliachwa wazi kidogo ili wageni wasioonekana wapite. Mke wa mjumbe aliketi kando, mikono juu ya magoti, akitazama kila kitu kwa adabu.

“Kwa kawaida mwanamume ndiye anayemimina pombe ya tambiko,” akasema.

“Wanaume wa nyumba hii wote wameitwa kwingine,” akajibu Mama Byong-ho. “Mimina wewe, binti.”

Nikamimina. Alisimamisha kijiko katika wali wa mumewe kwa haraka, kama mtu anayechomeka sindano, kisha akanipa kijiko cha pili.

“Simamisha.”

Sikuweza kuunyosha mkono. Niliwaza kwamba huko Kaskazini, saa hiyo hiyo, huenda baba mdogo amevaa zile soksi zako nene na anakunywa kitu cha moto, hajui lolote. Nilimtazama Mama Byong-ho. Uso wake ulikuwa mtupu kama sahani iliyooshwa. Nilimtazama mke wa mjumbe. Naye alikuwa akikitazama kijiko.

Nikakisimamisha. Nikasujudu mara mbili, paji la uso sakafuni, na huko chini nilikonong'ona hakuna aliyenisikia: Nisamehe, usife. Nililia kwa namna ambayo sikuwahi kulia kwa ajili ya mtu aliyekufa kweli.

“Maskini, alimpenda,” akasema mke wa mjumbe.

“Kula samaki, dada, asipoe,” akasema Mama Byong-ho.

Mgeni alipoondoka nilifagia chumba, na mguu wangu ukagusa kitu kigumu chini ya blanketi, penye joto. Lilikuwa bakuli la wali, limefungwa vizuri. Nilidhani ni la Dada Su-nok, ambaye alikuwa bado chuoni. Lakini Dada Su-nok alirudi akasema amekula kwa rafiki, akalala. Asubuhi bakuli lilikuwa limeoshwa na kufunikwa rafuni. Sijui nani aliula ule wali, wala ulikuwa umewekewa nani.

*

Seoul, 14 Novemba 1974

Shangazi,

Nawaamkia. Theluji ya kwanza imeanguka. Dada Su-nok amesafiri ghafla. Viatu vyake bado viko kizingitini. Masomo yanaendelea vizuri.

Miryong

*

Walikuja wawili, wakati wa kifungua kinywa, wenye sauti za upole. Dada Su-nok aliwaambia, “Ngojeni basi nivae viatu.” Mmoja akajibu, “Hakuna haja, gari liko karibu.” Akatoka na soksi juu ya theluji. Mlangoni akanigeukia: “Mdogo wangu, usipige chafya.”

Ilikuwa mzaha, Shangazi. Hata pale alinifanyia mzaha.

Siku chache baadaye alikuja mwingine, mwenye koti la kijivu, akaketi jikoni. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango wa karatasi, na nadhani alijua.

“Huyu wa Osaka ana jamaa Kaskazini?”

“Ana jamaa kaburini,” akasema Mama Byong-ho. “Kamuulize mke wa mjumbe, mimi mwanamke mpika wali tu, huenda nimesahau.”

Mke wa mjumbe akaitwa. Akaja na aproni yake. “Nimeona kwa macho yangu mawili. Kijiko kilisimama. Na alilia mpaka samaki akanishinda kula.”

“Ulimaliza samaki, wewe,” akasema Mama Byong-ho.

“Nilimaliza kwa majonzi.”

Mtu yule alicheka kidogo. Kisha akasema jambo ambalo nimelirudia kichwani kuliko hotuba yoyote niliyowahi kusikia: “Hakuna anayemsimamishia kijiko aliye hai. Hata jasusi ana mama.” Akanywa chai yake ya shayiri, akaenda zake.

*

Osaka, 19 Desemba 1974

Mwanangu Miryong,

Barua zako mbili zimefika pamoja, siku moja, zimechoka. Nimezisoma mwenyewe.

Unasema mwenzako alisafiri bila viatu. Baridi hii si ya kusafiri bila viatu. Muhula ukiisha usingoje cheti, watakituma. Bibi anaumwa. Ukiulizwa kwa nini unaondoka, sema hivyo: bibi yangu anaumwa.

Bibi haweki tena bakuli. Usiniulize kwa barua.

Shangazi yako,
Sundok

*

Nilirudi Februari. Mama Byong-ho alinisindikiza mpaka kituo cha treni, akanibebesha mwani uliokaushwa usiofaa hata kidogo kuingizwa sandukuni.

“Hutarudi,” akasema.

“Nitarudi, mama.”

“Nimesema hutarudi. Sijasema usirudi.”

Nikamwinamia. Hiyo ndiyo mara ya mwisho tulipoonana.

Kwa miaka mingi nilijisimulia kwamba aliniokoa: aliuona uongo wangu, akala ushahidi wake amesimama, kisha akamtangaza baba mdogo kuwa amekufa mbele ya shahidi mwenye mdomo mpana kuliko wote mtaani. Ni simulizi nzuri, na naiogopa kwa sababu ni nzuri. Nilipofikia umri aliokuwa nao nikaanza kuiona ile sahani ya matunda. Alikwenda kwa mjumbe imejaa, akarudi ni tupu, na wiki chache baadaye mpangaji wake mmoja alichukuliwa na mwingine akaachwa. Huenda alikwenda kunishtaki, wakakubaliana nipimwe kwa kijiko, nami nikafaulu. Huenda, na hili ndilo linaloniamsha, alitoa jina moja ili jingine libaki. Au huenda alikwenda kumwalika mtu kula samaki, naye aliamini kwa moyo mweupe kwamba mfu mwenye njaa ameingia chini ya blanketi lake.

Kila nikiegemea upande mmoja, bakuli nililoligusa kwa mguu linanirudisha. Kama lilikuwa la baba mdogo, alijua kila kitu. Kama lilikuwa la Su-nok, basi alimngoja Su-nok kama mama angojavyo, na si yeye aliyemuuza. Na kama lilikuwa la Baba Byong-ho, ambaye mkewe alikuwa ametoka kumsimamishia kijiko jioni ileile, basi alikuwa mwanamke kama Bibi, aliyesema hadharani jambo moja na blanketi lake likasema jingine.

Dada Su-nok aliachiwa baada ya miaka kadhaa. Tulikutana mara moja, Kobe. Tuliongea juu ya bei ya kabichi. Alikuwa akiongea taratibu, na hakucheka.

Sasa, Shangazi, naomba unijibu lile ulilonikataza kuuliza. Kwa nini Bibi aliacha kuweka bakuli? Je, ulimsomea barua yangu? Kama alijua kwamba mjukuu wake amemsujudia mwanawe aliye hai, basi najua ni nani aliyeuzima moto wake, na sitaweza kuja tarehe nne.

Miryong

*

Osaka, 19 Septemba 2003

Miryong mwanangu,

Nimeisoma barua yako kwa siku mbili, miwani hii inanifaa kwa redio tu. Goti ni lilelile. Nyie wasomi mna kazi: swali moja mnalizalisha kama yule paka kwenye boksi la visigino.

Sikumsomea Bibi barua yako. Ulisema nisimsomee, sikumsomea.

Yule mteja wa soli nene hakuwapo. Hapakuwa na mteja. Ule mzigo uliorudi Septemba ulikuwa wa Chol-u, zile soksi na zile dawa za kifua alizokuwa akiomba. Ndiyo, kifua chake kilikuwa kibovu kweli; unadhani ule uongo niliutoa wapi? Mzigo ulipigwa muhuri kwamba mpokeaji hayupo. Haukusema amekufa, haukusema amehama. Hayupo. Nikaufunga, nikaupandisha juu ya kabati, nikakuandikia habari za biashara, kwa sababu wewe habari ikikuingia huonekana usoni, na uso wako ulikuwa kule.

Desemba Bibi alipanda kwenye stuli kutafuta kitambaa cha mwaka mpya. Aliukuta. Niliingia nikamwona ameketi sakafuni, soksi ziko mapajani, anazinusa. Nilingoja anitukane. Hakunitukana. Jioni ile alipakua wali, akaufunga, akaufungua, akaula. Basi. Hakuliweka tena bakuli, na hatukuliongea mpaka tukamzika.

Kwa hiyo hukumuua mtu na kijiko. Mzigo ulirudi kabla hujasujudu. Na huyo Mama Byong-ho wako mimi sijui alijua nini. Najua alikurudisha kwangu ukiwa na viatu miguuni.

Tarehe nne njoo. Goti langu haliinami tena, wa kuinama ni wewe.

Shangazi yako,
Sundok

*

Kyoto, 27 Septemba 2003

Shangazi,

Nakuamkia. Nitakuja, kwa treni ya asubuhi.

Nimekaa na neno lile la muhuri tangu barua yako ilipofika. Umenitua mzigo mmoja, wa Bibi, na nakushukuru kwa hilo kuliko ninavyoweza kuandika. Lakini kifurushi kilichorudi si mwili uliozikwa. Mtu asiyekuwapo kwenye anwani yake mwezi Septemba anaweza kuwa chini ya udongo, na anaweza kuwa katika kijiji kingine, amekaa kando ya moto bila soksi, siku ileile nilipoweka paji langu sakafuni. Sitajua, na nadhani hakuna aliyebaki wa kujua.

Kuhusu Mama Byong-ho najua hata kidogo kuliko hapo. Nilikwenda Seoul mwaka 1991. Mtaa mzima ulikuwa umebomolewa, yamesimama maghorofa, na dukani waliniambia kwamba mama huyo alimfuata mwanawe, hawakumbuki wapi. Ningeweza kumwandikia katika miaka aliyokuwa bado pale. Mwanzoni sikumwandikia kwa sababu barua ingefunguliwa, na kumuuliza alichojua kungekuwa kumshtaki kwa kukijua. Baadaye barua hazikufunguliwa tena na mimi bado sikumwandikia. Hapo nadhani niliogopa kwamba angenijibu. Ingawa hata hili nalisema bila uhakika, kwa maana hofu ya miaka ile ilikaa ndani yangu muda mrefu kiasi kwamba siwezi tena kuitenganisha na adabu.

Wali wa tarehe nne nitaupika mimi. Nitaleta kijiko kirefu cha Bibi, na nitaleta pia lile blanketi lake dogo, ambalo sikuwahi kulitupa. Kipi tutakitumia sijui, Shangazi. Ukiona nimesimama jikoni muda mrefu na bakuli mkononi, usiniite.

Miryong